Mpimeni jaji, lakini si kwa nani kashinda

Wako majaji wanaokasirika wakisikia habari ya kupimwa utendaji. Wanasema jaji akianza kupewa alama, atahukumu huku akimwangalia anayezigawa. Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 1986 wapiga kura wa California walimng'oa Jaji Mkuu Rose Bird na wenzake wawili baada ya kampeni kali kuhusu adhabu za kifo walizozitengua. Kilichopigiwa kura pale ni mwelekeo wa hukumu, wala si umakini wa kazi.

Hata hivyo, sikubali kwamba dawa ni kumwacha jaji asiulizwe kitu. Anayeahirisha kesi ya mirathi mwaka hadi mwaka, kisha akaja na hukumu isiyo na sababu, hana haki ya kujificha nyuma ya uhuru wa mahakama. Uhuru huo haukuletwa kwa raha yake. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1701 iliwalinda majaji wasifukuzwe kwa hasira za mfalme, lakini ulinzi wenyewe ulikuwa na sharti la mwenendo mwema.

Ugomvi wangu uko kwenye vipimo. Wakubwa wa ofisi wanapenda idadi ya kesi zilizomalizwa, maana inaingia vizuri kwenye jedwali. Jaji mjanja naye atajua la kufanya: atakimbiza madai mepesi yasiyobishaniwa, na mgogoro wa ardhi wenye mashahidi ishirini utaendelea kusubiri. Kibaya zaidi ni kuhesabu hukumu zilizotenguliwa kwenye rufaa. Jaji anayeogopa kutenguliwa atafuata njia iliyokanyagwa hata pale anapoona wazi kwamba inapotosha haki. Baraza la Ushauri la Majaji wa Ulaya lilikikataa kipimo hicho katika maoni yake ya mwaka 2014, isipokuwa pale wingi na aina ya makosa inapoonyesha wazi kwamba jaji haijui sheria.

Kuna mambo yanayopimika bila kugusa uamuzi wenyewe: hukumu ilichukua muda gani tangu ushahidi ufungwe, sababu zinaeleweka, pande zote zilipewa nafasi, lugha ya jaji ilikuwa ya heshima? Jimbo la Alaska, Marekani, huwauliza mawakili, polisi na wafanyakazi wa mahakama wanamwonaje jaji. Mimi ningeanza na aliyeshindwa. Aliyeshinda atamsifu jaji hata kama alisinzia. Aliyeshindwa akikiri kwamba alisikilizwa na ameelewa kwa nini ameshindwa, hapo jaji amefanya kazi yake.

Halafu, fomu yenye majibu hayo inaishia mezani kwa nani? Ikifika kwa waziri, hata maswali mazuri yatageuka fimbo. Uhamisho wa ghafla kwenda kituo cha mbali unamwadhibu jaji bila mtu kutamka neno adhabu. Matokeo yashikwe na chombo ambacho majaji wenyewe ni wengi, mhusika ayasome, ajibu kwa maandishi, na akiona ameonewa, akate rufaa kama mtu mwingine yeyote.