Vizibao vya katani

Dada yangu anaolewa pale Tanga, akaja na wazo lake ameliokota kwenye simu: sisi kaka zake wote tuvae vizibao vya kitambaa cha gunia. Fundi akashona kimoja cha mfano kwa gunia la kahawa, lile la juti, na kusema ukweli kilitoka bomba, kimelala mwilini, kina kirangi cha dhahabu hivi, shida yake kilinuka mafuta ya taa kwa mbali maana juti huwa inapigwa mafuta kiwandani ili ilainike isokoteke. Tukasema poa, kitaanikwa.

Sasa mjomba kusikia! Yule mzee maisha yake yote kayamalizia kwenye shamba la mkonge huko Korogwe, kwenye korona, ile mashine ya mkonge, anaona majani yanavyosagwa mpaka inabaki katani tupu. Akaja mbio kwenye kikao, "Tanga hii hii mnavaa mlenda wa Bangladesh?" Tukacheka, ila mzee hajadanganya, juti na mlenda ni jamii moja, huku wanachuma majani wapike, kule wanaloweka mashina kwenye maji wiki kadhaa halafu wanabandua nyuzi. Hapo hapo akatuanzishia ya yule Mjerumani Hindorf aliyeleta mkonge huku, 1893, miche imetoka Florida imefika Pangani imebaki mizima 62 tu, anasimulia utadhani yeye ndo aliipokea bandarini. Na mchango wake ndo mkubwa kuliko yote kwenye daftari, nani abishe? Ikapita katani.

Fundi alivunja sindano akapandisha bei. Mimi nilivyopewa changu nikakiweka mezani, kikasimama chenyewe. Katani ni uzi wa kwenye jani, mnene, mgumu, ndo maana wanasokotea kamba za meli, na pale kwenye makwapa vincha vilikuwa vimechomoza kama brashi.

Siku yenyewe joto la Tanga mnalijua. Jasho likishaanza tu, aisee, ni kama umevaa dodoki halafu kuna mtu anakusugua. Ukikaa kizibao hakikunjiki, kinapanda mpaka kidevuni unabaki unachungulia tu. Emsii katuita mbele tucheze, sisi tunajikuna kwa mabega, kwa viwiko, mdogo wangu kaenda kujisugulia mgongo kwenye nguzo ya turubai, watu wakajua ni staili mpya! Vigelegele, mashangazi wakaingia na wao wanatikisa mabega, noti zinabandikwa kwenye vipaji, na kila anayekuja kututuza anatukumbatia, yaani anakigandamiza kile kitu kifuani vizuri kabisa.

Mjomba katulia meza kuu na cha kwake, anakula pilau, hajikuni hata mara moja. Nikamfuata, nikamfunua upindo. Ndani bitana ya satini, tena mara mbili.

"Mjomba, ndo nini hiki?"

"Ah, mjomba," kashushia soda kwanza, "mtu aliyefanya kazi na katani miaka yote ile, ataivaa kavu kavu kweli?"