Swali la "Jino Lipi?"

Mama mkubwa wangu alikuja Dodoma kutoka Mpwapwa akiwa ameshika shavu, usiku kucha hajalala. Asubuhi nikampeleka kituo kimoja hapa mjini. Tulipanga foleni tangu saa moja. Zamu yake ilipofika daktari alimwamkia kwa heshima, akamkalisha, akauliza swali moja tu: "Mama, jino lipi?" Akaonyesha kwa kidole. Ganzi, koleo, pamba ya kung'ata, mgonjwa mwingine aingie. Hilo lilikuwa la sita kung'olewa maishani mwake, na hakuna hata mara moja aliyoambiwa apanue kinywa kitazamwe chote.

Sigombi kwa sababu limeng'olewa. Lilikuwa limeoza hadi mizizini na usaha umejaa, lilistahili kutoka. Kinachoniuma ni lile swali. Mgonjwa anajua panapouma, basi. Fizi zinazolegea hazimuumi, jino lililotoboka kidogo halimuumi bado. Ukimuuliza jino lipi, umemwachia yeye kazi ya kupima, kazi ambayo wewe ndiye uliyeisomea.

Niwaambie yaliyompata mwaka juzi. Alitengenezewa meno bandia ya kuvaa na kuvua, ya kujaza mapengo ya chini. Yalikuwa mazuri kweli, rangi imelingana na meno yake. Waya wake ulijishikiza kwenye gego la kulia, na gego hilo lilikuwa tayari linacheza kwa ugaga, ule uchafu mgumu unaogandia meno, wa miaka na miaka uliokula fizi na mfupa. Hakuna aliyekwangua ule ugaga kwanza. Haikupita miezi minane, akiwa anakula makande, gego likatoka lenyewe. Bandia yakakosa pa kushika. Leo yamo kwenye kikombe cha bati juu ya kabati lake, na yalilipiwa kwa fedha ya mbuzi wawili. Fundi alifanya kazi yake vizuri, lakini huwezi kupandisha dari la tembe juu ya nguzo iliyoliwa na mchwa, hata udongo wake uwe umekandwa vipi.

Ndiyo maana nasema kinywa chote kitazamwe na kupangiwa matibabu kabla ya chochote kufanywa, ukiacha maumivu na usaha, ambavyo havisubiri. Baada ya hapo fizi zisafishwe, mgonjwa aonyeshwe namna ya kupiga mswaki, meno yanayozibika yazibwe, yanayohitaji kutibiwa mzizi yatibiwe. Bandia huja mwisho, fizi zikiwa zimepona na mfupa wa pale palipong'olewa umetulia, jambo linalochukua miezi kadhaa.

Wiki iliyofuata nilimpeleka kwa daktari mwingine. Huyu alianza upande wa juu kulia akitembeza kioo chake kidogo jino kwa jino, huku muuguzi akiandika kwenye mchoro wa meno 32, kila jino kwa namba mbili: ya kwanza ni robo ya kinywa, ya pili ni nafasi ya jino kuhesabu kutoka katikati. "Moja-sita, limetoboka. Moja-saba, zima. Mbili-sita, limeshuka. Tatu-sita, halipo." Alipomaliza, akampa mama mkubwa kioo cha mkononi. "Mama, unaliona hili la juu? Lile la chini yake liling'olewa zamani, likakosa mwenzake wa kukutana naye, likaanza kushuka. Na la jirani limelalia pengo." Mama mkubwa akatazama muda mrefu bila kusema kitu. Kisha akaniuliza mimi, si daktari: "Mbona hawakuniambia?"

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba madaktari wa meno ni wachache na foleni ni ndefu, na wengi wetu tunakwenda siku jino limeshatushinda, na nauli ya kurudi imehesabiwa. Ila kuhesabu meno kwa kioo na taa na kuandika karatasi moja hakuhitaji mashine ya mamilioni. Tena mpango unamfaa mkulima kuliko mwenye mshahara. Akijua kazi zitafuatana vipi na kila moja ni shilingi ngapi, atasubiri mavuno bila kupoteza alichokwisha kulipia. Asiyejua analipa kila mara kama mgeni, na kila mara anaondoka na pengo.

Wenye kisukari, mwambieni daktari wa meno kabla hajagusa fizi. Kisukari na ugonjwa wa fizi vinachocheana. Ndugu zangu wa Singida mliokulia maji yenye floraidi nyingi, meno ya kahawia si lazima yawe yameoza, msikubali yachimbwe kwa sababu ya rangi. Na wazazi: gego la kudumu linalokuja mtoto akiwa na miaka kama sita huota nyuma kabisa, hakuna jino linalong'oka kulipisha, kwa hiyo wengi hudhani ni la utoto na kuliacha lioze. Halina mbadala.

Karatasi ya mpango wa mama mkubwa ina mistari minne na ameikunja pamoja na kadi yake ya kliniki. Mstari wa kwanza, kukwangua ugaga, umekwisha. Juzi alinipigia simu kunieleza kwamba sasa anapiga mswaki na mate hayatoki na damu, na kwamba karanga atauza mwezi wa saba, nimuwekee nafasi ya kuziba.