Masta ya kuongea

Jumapili iliyopita, kwenye kikao cha harusi ya binamu yangu hapa Mtwara mjini, mjomba alinigeukia mbele ya kamati nzima. "Mpwa wangu, nasikia unaomba kwenda Ulaya kusomea kuongea. Kwani hapa tunafanya nini, tunabweka?" Watu wakavunjika mbavu. Mwenyekiti akadakia kwamba msomi mtarajiwa wa mdomo achangie mara mbili. Nikacheka na mimi, maana ukinuna kwenye kikao cha michango utaambiwa unakwepa kutoa. Na mjomba ni mjomba. Wa huku mnaelewa.

Ninachoomba kusomea ni tiba ya usemi na lugha, yaani kuwatibu watu walioshindwa kuongea. Ila usiku sikulala. Mjomba huyuhuyu ndiye tuliyekesha naye Newala kando ya kitanda cha dada yake, mama mkubwa wangu.

Mama mkubwa alipigwa na kiharusi msimu wa korosho. Upande wa kulia ukalegea, maneno yakapotea. Kwenye kadi wakaandika: "haongei". Uongo! Alihesabu moja mpaka kumi bila kukosea, alisoma Alhamdu mwanzo mpaka mwisho. Ukimshikisha kijiko ukamuuliza hiki nini, anakikodolea macho kisha analia. Majirani wakasema akili imeruka, wengine wakaanza kutaja jina la mtu. Akili ilikuwepo yote. Kilichoumia ni sehemu ya ubongo inayotafuta maneno, na yale yaliyokaririwa tangu utoto, kama hesabu na dua, mara nyingi husalia. Hali hiyo inaitwa afasia. Neno hilo nimelijua miaka minne baada ya kumzika.

Na tulimzika kwa nimonia. Tulikuwa tunamnywesha uji akiwa chali, anapaliwa, tunampigapiga mgongo, tunaendelea. Hakuna aliyetuambia kwamba kiharusi hupiga na koo, kwamba mgonjwa akalishwe wima, kidogo kidogo, na kwamba kinachokosea njia huishia mapafuni. Huyo "mtaalamu wa kuongea" unayemcheka, mjomba, ndiye pia anayeshughulika na kumeza.

Sasa hapa naomba nisikatishwe. Siku ya tisa mama mkubwa alianza kutoa maneno. Yalikuwa ya Kimakonde, mawili matatu, yamekatikakatika. Muuguzi wa zamu, kijana wa watu kutoka mbali, akaandika anabwabwaja. Alikuwa anaomba maji. Mtu mwenye lugha mbili akipata kiharusi, lugha moja inaweza kutangulia kurudi, na asiyeijua hiyo iliyorudi atasikia kelele tu. Ndiyo maana kazi hii haiagizwi kutoka nje kama mashine ya eksirei. Kipo kipimo maarufu cha Marekani cha kutaja picha, Boston Naming Test, picha 60. Ndani yake kuna nyumba ya barafu ya igloo, yumo mnyama beaver, kuna mkate wa pretzel. Mama mkubwa angefeli akiwa mzima kabisa! Mpe picha ya kibao cha mbuzi, bibo, kinu, ngalawa, halafu ndipo useme amesahau nini.

Kwa watoto ndiyo balaa zaidi. Wenzetu wanajua mtoto wa Kiingereza wa umri fulani anatakiwa awe ameshika viambishi gani vya wakati. Vipi huyu wa Tandahimba anayesema "kiti yangu imevunjika"? Ana tatizo la lugha, au ngeli bado zinamjia, au nyumbani wanaongea Kimakonde na Kiswahili amekikuta shuleni? Na anayesema "kalibu mwalimu" si mgonjwa jamani, ndivyo anavyosikia kwao. Kupambanua hayo kunataka sikio la mwenyeji. Mimi nafundisha Kiswahili mwaka wa kumi na moja sasa, sikio ninalo. Ninachokosa ni utabibu.

Utabibu wenyewe hauji kwa mkeka. Marekani masta ndiyo mlango wa kuingilia kazini: kwa kawaida miaka 2, saa 400 za mazoezi chini ya usimamizi, na kabla ya hapo biolojia, takwimu, na fizikia au kemia. Fizikia! Niliyoiaga kidato cha pili kwa vigelegele. Na nithibitishe kwanza Kiingereza changu, ndipo nikajifunze kumsaidia mtu anayeomba maji kwa Kimakonde. Afrika Kusini wanaanzia shahada ya kwanza, miaka 4. Makerere wameanza kufundisha tangu 2008. Chuo Kikuu cha Ghana, kule Legon, wana masta. Nazitazama zote, na kila moja ina bei yake.

Haya, mjomba ana kahoja kamoja. Hela ya masta moja ingewafundisha wauguzi wengi kumlisha mgonjwa akiwa wima. Kweli. Na wapo wanaokwenda wasirudi, nalo kweli. Lakini nani atawafundisha hao wauguzi? Na usiniambie habari ya kumpeleka mgonjwa Dar. Tiba hii ni ya kila wiki, miezi na miezi. 2024 mvua za Hidaya zilipokata barabara kule Somanga, hata nyanya zilishindwa kupita.

Kikao kijacho ni Jumapili. Niliahidi elfu hamsini, nimetoa ishirini. Fomu ya maombi nayo ina ada yake, kwa dola. Mjomba, hiyo thelathini utaisubiri.