Gego la miaka sita lizibwe kabla halijatoboka

Magego ya kwanza ya kudumu hutoka mtoto akiwa na miaka 6 hivi, na hutoka kimyakimya. Hakuna jino linalong'oka kuyapisha. Yanachomoza nyuma kabisa ya meno ya utoto. Ndiyo maana wazazi wengi huyahesabu pamoja na hayo ya utoto, na weusi ukianza kuonekana utasikia, "Acha, litang'oka lenyewe, litaota jingine." Haliwezi kuota jingine. Mtoto akilipoteza darasa la nne, ndiyo basi tena.

Fanya hivi leo jioni. Mwambie aachame, washa tochi ya simu, uhesabu kuanzia katikati ya meno ya mbele kwenda nyuma. Meno ya utoto ni matano kila upande, juu na chini. La sita ni la kudumu. Litazame pale linapotafunia: si tambarare, lina mifereji na vishimo, na mingine ni myembamba kuliko unywele mmoja wa mswaki. Hata mtoto mwenye bidii ya kupiga mswaki anaishia juu juu. Humo ndani hujificha mabaki ya biskuti na ubuyu, bakteria wanageuza sukari kuwa asidi, na asidi inamega jino taratibu mpaka litoboke.

Silanti, yaani utando mwembamba unaopakwa juu ya gego, huziba hiyo mifereji mapema. Daktari anasafisha gego, anapaka asidi kwa sekunde chache ili sehemu ya juu ikwaruzike kidogo, anasuuza, anakausha, kisha anapaka plastiki ya majimaji na kuimulika taa ya buluu mpaka igande. Hakuna ganzi wala kuchimba. Mtoto atalalamikia ladha tu, na pengine siku ya kwanza atahisi meno hayakutani sawasawa. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, kinasema silanti huzuia asilimia 80 ya matundu ya magego kwa miaka miwili ya kwanza, na huendelea kulinda hata baada ya hapo. (Haizuii yale ya katikati ya jino na jino, kwa hiyo mswaki na dawa ya meno yenye floraidi viko palepale. Soda nayo ipunguzwe.)

Kinachonikera ni kwamba kwetu kinga hii imebaki kuwa ya anayejua kuuliza. Wengi tunakanyaga kliniki ya meno mtoto akiwa ameshakesha analia, shavu limevimba, na hapo kinachotajwa ni koleo. Nikilisema hili najibiwa kuwa mambo hayo ni ya nchi tajiri, yanataka umeme na mitambo.

Sikubaliani. Mbinu ya ART, ya kutibu meno kwa vifaa vya mkono bila umeme wala mashine ya kuchimba, ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Ndani yake mna silanti pia. Mhudumu anachanganya glasi-ionoma, aina ya saruji ya meno inayoganda yenyewe bila taa, anaiweka juu ya gego, anapaka kidole chenye glavu vaselini kidogo, kisha anaigandamiza mpaka iingie kwenye mifereji. Kazi hiyo inafanyika juu ya dawati la shule. Ni kweli glasi-ionoma hubanduka mapema kuliko ile ya taa, lakini haisumbuliwi sana na mate, hutoa floraidi, na mara nyingi chembe zake hubaki chini ya mfereji hata ukidhani imetoka yote. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021.

Kwa hiyo naona pa kuanzia ni darasa la kwanza na la pili. Watoto wako pamoja, umri ndio huo huo, na magego yao hayajapata muda wa kuharibika. Wahudumu wa meno waende shuleni wayazibe, kama chanjo zinavyofuata watoto huko huko.

Kabla hilo halijatokea, mzazi, ukienda kliniki taja wazi kwamba jino haliumi na unataka kinga ya magego. Mtoto akirudi kuangaliwa, daktari aikague silanti. Iliyomeguka huongezewa palepale. Na akikaribia miaka 12 hesabu tena: nyuma ya lile la sita litakuwa linachomoza la saba, nalo lina mifereji ile ile.