Karatasi ya maji na balozi asiyeulizwa

Leo huku Uingereza imedondoka karatasi mlangoni: Alhamisi maji yatakatika, saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni. Katizo la kupangwa likizidi muda wa saa nne, kampuni inatakiwa itoe taarifa saa 48 kabla. Chini wameuliza kama ndani kuna mgonjwa, mzee au mtoto mchanga. Wana orodha ya watu hao, na maji yakikatika wanapelekewa ya chupa.

Watu wa Nkuhungu na Chang'ombe, kule Dodoma, nawasikia: "Kaota mapembe, leo anatufundisha mgao!" Ngojeni kwanza. Orodha hiyo ipo kwa sababu huku jirani hamjui jirani. Kwetu Dodoma balozi wa nyumba kumi anajua kwa kichwa nani kajifungua juzi na bibi yupi hawezi kubeba dumu. Tumewazidi! Halafu fundi anakuja kufunga valvu, balozi hajaulizwa hata neno. Hapo ndipo ninapochoka.

"Wazungu wana hela." Kuuliza kunagharimu shilingi ngapi? Ndugu mwenyekiti wa mtaa, ugomvi ukizuka kwenye kituo cha maji usikimbilie faini. Nenda saa 11 alfajiri, upange ndoo yako kama wengine. Hesabu: ndoo ya lita 20 ikijaa kwa dakika 3, koki moja inatoa ndoo 20 kwa saa. Foleni ya ndoo 60 ni saa tatu, na hapo presha haijashuka. Mama aliye wa 50 ana mtoto wa kuwahisha shule. Ndiyo maana anasukuma. Pengine dawa ni kufungua mapema tu. Koki ya pili haitasaidia kitu kama bomba linaloleta maji ni jembamba.

Ukiuliza "mna shida?" utajibiwa "hatujambo, mheshimiwa." Uliza: jana ulipata ndoo ngapi, ya mwisho saa ngapi? Wala si mkutanoni. Mkwe hasemi mbele ya baba mkwe. Wafuate akina mama kando, warudishie ulichosikia, wakusahihishe. Na huruma isikuponze ukaahidi kisima palepale. Ahidi siku ya kurudi, urudi hata mikono mitupu.

"Kiongozi kwenye foleni atadharauliwa." Thubutu! Kwa heshima yetu watakusogeza mbele ujaze wa kwanza. Kataa. Ukikubali, hujapima kitu.