Mwili wa mtu una wenyewe

Tangu nihamie Uholanzi, hakuna mtu wa huku aliyenifikirisha kama Frederik Ruysch, daktari wa Amsterdam aliyefariki mwaka 1731 akiwa na miaka 92. Nyumbani kwake alijaza vyumba viungo vya binadamu. Alidunga nta nyekundu kwenye mishipa ya damu mpaka mashavu ya kichanga aliyekufa yakarudiwa na rangi ya uhai, kisha akamtia kwenye chupa ya pombe kali, amevalishwa kofia ya lesi. Watu walilipa kiingilio wakaja kutazama. Mwaka 1717 Tsar (yaani mfalme) Peter wa Urusi alinunua mkusanyo wake kwa gilda 30,000, fedha ya Uholanzi ya wakati huo, na sehemu kubwa ingaliko St. Petersburg, katika jumba la makumbusho la Kunstkamera. Mwaka 1718 tsar huyo akatoa amri: watoto wanaozaliwa na kasoro wapelekwe huko, na anayewaleta alipwe.

Kwetu Pwani mwosha maiti hufundishwa kwamba kilema atakachokiona mwilini hakitoki nje ya pazia. Muosha huoshwa. Mtoto akizaliwa, kondo la nyuma huzikwa, kitovu huzikwa. Hata mguu uliokatwa hospitali hutafutiwa shimo lake. Huku nimewasikia Watanzania wenzangu wakisema haya ni woga wa watu wasiosoma, na kwamba Wazungu walitupita kwa kuthubutu kufungua maiti. Siafiki. Ni fikra kamili kuhusu mwili: hata uhai ukitoka, mwili una wenyewe, na wenyewe wana wajibu wa kuusitiri.

Ruysch nampa haki yake. Mwaka 1665 alionyesha vali, yaani vilango vidogo, ndani ya mishipa ya limfu, ile inayopitisha majimaji ya mwilini yasiyo damu, na wakunga wa Amsterdam walifundishwa naye. Tena kwetu sitara hutuumiza: mama anafariki akijifungua, uchunguzi unakataliwa, tunasema ni kazi ya Mungu, na mwingine anafuata kwa sababu ile ile. Hilo linaniuma sana.

Lakini wale vichanga wa chupani, nani aliwauliza mama zao? Uholanzi ya leo imejirekebisha: anayetaka mwili wake ufundishie wanafunzi wa udaktari anaandika hati kwa mkono wake mwenyewe, angali hai. Ningependa hati ya namna hiyo izoeleke na kwetu, familia ikae iizungumze mapema, na baada ya mafunzo mabaki yazikwe kwa heshima.

Na Ulaya imalize deni lake. Mazoea ya kupanga miili ya watu rafuni yalikuja kutufikia. Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Moshi, alinyongwa huko na Wajerumani mwaka 1900, na wazao wake bado wanakitafuta kichwa chake Ujerumani. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba Berlin viliwapata ndugu walio hai wa baadhi ya mafuvu yaliyochukuliwa Kilimanjaro. Ndugu wameshapatikana. Wakabidhiwe watu wao wakawazike.