Msimfunge mwanafarasi mpaka anyamaze

Juzi nilimkuta mtu ninayemheshimu sana katika kazi hii ya kufunza farasi amemfunga farasi wa miaka mitatu kwenye nguzo, peke yake, mahali asipowaona wenzake ila anawasikia. Mnyama alikuwa amelowa jasho shingo na mapaja, anaparua ardhi kwa kwato, anaita, anazunguka hadi kamba inapoishia, anaita tena. Nikauliza atakaa pale mpaka lini. "Mpaka anyamaze," nikajibiwa. Nimelala na kuamka na neno hilo, na bado linaniuma, maana wengi wetu tulifundishwa hivyo hivyo, na ndivyo tunavyowafundisha vijana tunaowakabidhi kamba leo.

Farasi mchanga anayelilia kundi anaogopa. Hana kiburi, wala hakupimi nguvu. Farasi wa kufugwa wanatokana na wale wa nyika za kaskazini ya Bahari Nyeusi na Kaspi, miaka kama 4,200 iliyopita, na kabla ya hapo walikuwa windo kwa muda mrefu usiohesabika. Aliyeachwa nyuma na kundi aliliwa. Hofu hiyo bado imo mwilini. Hata usingizi wa ndoto hawezi kuupata akiwa amesimama, lazima alale chini, na hathubutu kulala chini asipojiona salama. Mara nyingi usalama huo ni mwenzake aliyesimama kando akiangalia. Huyo ndiye mnyama tunayemtenga kwa ghafla halafu tunamwita mkaidi.

Kinachonichoma zaidi ni hicho kipimo cha kunyamaza. Ukimfunga saa nyingi atanyamaza, sikatai. Lakini msogelee umtazame. Midomo imekaza, pua zimebana, jicho limekodoka na haliangalii kitu, masikio hayachezi. Bonyeza mshipa ulio chini ya taya uhesabu mapigo. Farasi mzima aliyepumzika yuko kati ya 28 na 44 kwa dakika, na huyu unayesema ametulia huenda yuko juu mno ya hapo. Alichojifunza ni kwamba kuita hakumsaidii, na kwamba binadamu mwenye kamba ndiye anayempeleka kwenye hofu. Kesho ukienda na hatamu mkononi atakukimbia malishoni, na tutasema ana tabia mbaya.

Kila mwanafarasi ana mpaka wake, mahali ambapo akipapita mbali na wenzake hofu inamshinda. Mmoja ni langoni, mwingine ni kona ya banda, mwingine ni hatua kumi tu kutoka kwa wenzake. Kazi yetu ni kuujua mpaka huo na kusimama kabla hajaufikia. Kabla hajaita, mwili wake huwa umeshasema: kichwa kinapanda, sikio moja linabaki nyuma kwa kundi, hatua zinafupika, anaanza kuegemea kamba, anakunya ovyo. Ukiona kichwa kimeanza tu kupanda, simama. Mpe muda. Mkune pale singa zinapoishia juu ya mabega, mahali wenzake wanapomkuna kwa meno. Watafiti walishapima na kuona kwamba kukunwa hapo hupunguza mapigo ya moyo wa farasi. Akishusha shingo, akashusha pumzi, geuka wewe mwenyewe umrudishe kwa wenzake, kwa mwendo wa taratibu na kamba ikiwa imelegea.

Hapo ndipo watu wanaponibishia. Unamrudishaje? Si unamdekeza? Nami nakubali upande mmoja wa hoja yao, ingawa kwa shingo upande: ukimrudisha akiwa anapiga kelele na kukuburuta, kweli umemfundisha kupiga kelele na kuburuta. Farasi anashika kile alichokuwa akifanya dakika ile alipopewa nafuu. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, akirudishwa akiwa ametulia anajifunza kwamba utulivu ndio unaomrejesha. Na anajifunza jambo kubwa kuliko hilo, kwamba kuondoka si kupotea, kwa kuwa kila alipoondoka alirudi. Basi ondoka naye tena. Nenda, rudi, nenda, rudi, safari fupi fupi, njia tofauti. Mara nyingine safari iishie karibu kuliko ile iliyotangulia, ili asidhani kila tunapotoka mambo yanakuwa magumu zaidi. Mwache ale majani kule mbali. Ukikosea hesabu akavuka mpaka, usivutane naye. Shughulisha miguu yake: mzungushe sehemu ya nyuma ya mwili, mrudishe nyuma hatua mbili, mtembeze duara dogo, mpaka sikio lirudi kwako. Ndipo mrudi.

Mkipata jike mzee mtulivu wa kutembea mbele yake siku za mwanzo, mtumieni, ila mbadilisheni na wengine, la sivyo atamganda huyo. Na anayebaki malishoni asibaki peke yake akilia, kwani kilio chake kinavunja kazi yote.

Wapo wanaosema mkimbize karibu na kundi, umpumzishe mbali. Kwa farasi mkubwa aliyekwisha jua kwamba kugoma kunalipa, imesaidia wengine. Kwa mwoga wa miaka mitatu ni kumwongezea jasho juu ya hofu, tena kwa kumkimbiza kwenye duara wakati mifupa ya uti wa mgongo wake haitakomaa mpaka apite miaka mitano.

Kabla ya yote, daktari wa mifugo aangalie meno, tumbo na mgongo. Anayeumwa huenda akang'ang'ania wenzake kuliko mzima.

Mwanzo wa mengi ya haya ni siku ya kuachishwa ziwa, na jambo hili sioni tukilisema vya kutosha. Jike akiachwa mwenyewe humnyonyesha mtoto wake karibu mwaka, na humkataza polepole. Sisi tunamtoa akiwa na miezi minne, mitano, sita, mara nyingi kwa siku moja, tunamfungia bandani peke yake alie. Kisha tunashangaa kwa nini mwanafarasi huyo hastahimili kutengwa na yeyote.

Sisemi mtu ajiweke hatarini. Kilo 400 zinazopaparika zinavunja mguu, kwa hiyo vaa kofia ngumu na usijizungushie kamba mkononi kamwe. Zipo pia siku ambazo kuna jeraha na lazima atengwe sasa hivi. Atengwe, atibiwe, arudishwe. Hayo si mafunzo na tusiyaite hivyo.

Mwenye farasi atakuuliza ataanza kumpanda lini. Usimtajie tarehe. Mwambie ni siku ambayo mnyama wake ataweza kwenda nyuma ya banda, wenzake hawaonekani, akainamisha kichwa akala majani huku kamba imelegea, na akafanya hivyo tena kesho yake na keshokutwa. Wapo wanaofika hapo kwa wiki chache, wengine ni miezi. Kama hawezi kusubiri, anunue farasi mkubwa aliyekwisha fundishwa, na huyu mchanga amwachie mtu mwenye muda naye.